Magunia Manne Chumbani

Mzee Kibwana wa Misima hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na pikipiki, wala mtoto wa kiume wa kumnunulia. Hakuwa na bati upande wa jikoni, hakuwa na meno matatu ya mbele, na kwa kuwa mvua za masika zilikatika mapema, hakuwa na tumaini la kuvuna zaidi ya magunia manne katika ekari tatu. Hakuwa na fedha za dawa ya kuyahifadhi hayo manne. Lakini kilichomkera kuliko vyote, katika umri wa miaka sitini na minane, hakuwa na mtu hata mmoja pale kijijini aliyewahi kumwita mtaalamu.

Pengo hilo la mwisho ndilo lililozibwa kwanza. Mwezi wa nane bwana shamba aliitisha semina ya kuhifadhi nafaka kwenye ofisi ya kata. Akauliza mdudu wa mahindi anaishi kwa kutegemea kitu gani. Watu wakatazamana. Kibwana akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akajibu kwamba mdudu anaishi kwa hewa kama mtu mwingine yeyote, na ukimnyima hewa hana ujanja.

"Mnaona?" bwana shamba akasema. "Mzee huyu ni mtaalamu."

Watu wakapiga makofi. Maelezo yaliyofuata Kibwana hakuyasikia yote kwa sababu alikuwa bado anayasikia yale makofi, ila aliambulia ya kutosha. Kuna mifuko inaitwa kinga njaa, ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ukishindilia mahindi makavu na kuifunga barabara, dumuzi aliyemo anamaliza hewa na kufa, bila dawa. Masharti ni mawili: mahindi yakauke kweli, na mfuko usifunguliwe ovyo.

Alirudi nyumbani akiwa na mifuko minne na bila majogoo wawili.

Mkewe, Chausiku, alikuwa juu ya dari. Dari ya jikoni ndiyo iliyokuwa ghala la nyumba ile: miti iliyolazwa juu ya mafiga, mahindi yamepangwa na maganda yake, na moshi wa kila siku unapanda na kuyafanya machungu kwa mdudu. Mwanamume hakupanda huko. Hakuna mahali ilipoandikwa, lakini mwanamume anayepanda dari alihesabiwa pamoja na yule anayefunua chungu kuhesabu vipande vya nyama.

"Mama Husna, shuka," Kibwana alisema.

"Nishuke kuna nini?"

"Dari imestaafu."

Chausiku akamchungulia katikati ya miti. "Na mafao yake inalipwa lini?"

 Kibwana alipoona mkewe anaendelea kupanga mahindi, akavua koti, akakwea ngazi mwenyewe. Aliteremsha mahindi kutwa nzima, na kila aliposhuka alikuwa mweusi zaidi. Jirani yake Simeo, ambaye babu yake alikuja na treni kukata mkonge Korogwe na ukoo haukurudi tena kwao, alipita na jembe begani akasimama.

"Mzee Kibwana, huko juu unatafuta mayai?"

"Natekeleza semina."

"Basi ukimaliza kutekeleza, uoge. Wajukuu zangu watakukimbia."

Nyuma ya mahindi, pembeni kabisa, Kibwana alikuta vifurushi ambavyo hakuwahi kuviona katika miaka thelathini na moja ya ndoa. Vilikuwa ishirini na kitu, kila kimoja kimefungwa kwa utepe wa kanga iliyochakaa. Bamia zilizokatwa duara na kukaushwa. Majani ya kunde. Choroko. Ufuta. Mbegu za maboga. Nyanya zilizokauka zikawa kama ngozi ya sikio.

"Hivi ni nini?"

"Ni mwezi wa pili," Chausiku alisema.

Mwezi wa pili ni mwezi ambao Misima nzima inakula kwa kukumbuka. Kibwana hakuelewa, au alielewa akaona kwamba mwezi wa pili nao unahitaji utaalamu. Akavishusha vyote.

*

Bwana shamba alikuwa ameeleza kipimo cha ukavu: tia mahindi na chumvi kwenye chupa ya soda, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Kibwana akapukuchua, akaanika juu ya turubai, akatikisa chupa. Chumvi ikaganda. Akaanika siku ya pili, ya tano, ya nane. Chumvi ikaganda. Kuku wa majirani wakanenepa. Mbuzi wa Simeo akaja kila asubuhi kama mtu aliyeajiriwa.

Siku ya tisa Chausiku aliokota punje moja, akaiweka kwenye gego, akaiuma. Ilisema ka.

"Makavu," alisema. "Yamekauka tangu wiki iliyopita."

"Huo si utaalamu," Kibwana akasema, mkono ukiwa mdomoni. "Hayo ni meno."

Husna, binti yao, alikuwa ameketi barazani na cherehani yake akimpigia mtu pindo. Aliinuka, akaenda jikoni, akalitazama kopo la chumvi. Halikuwa na mfuniko tangu masika, na chumvi yenyewe ilikuwa imeloa kama mchanga wa mtoni.  Kitu kama hicho hakisemwi mbele ya baba aliyekwisha kupigiwa makofi. Akaikaanga chumvi ile kwenye kikaango mpaka ikalia, akairudisha. Kesho yake chumvi haikuganda, na Kibwana akatangaza kwamba siku kumi ndizo kipimo sahihi cha jua la Handeni.

Baada ya kuku na mbuzi, yalibaki magunia matatu na nusu. Ile nafasi ya juu katika mfuko wa nne Kibwana aliijaza vifurushi vya mkewe, akavishindilia kwa goti. Akafunga nailoni ya kwanza, akafunga ya pili, akafunga kiroba kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kwa kuogopa panya na watu, mifuko yote minne akaisimamisha chumbani, upande wake wa kitanda, juu ya vipande vya mbao.

"Hakuna kufungua mpaka mwezi wa kwanza," alisema.

"Tutakula nini?"

"Muhogo uko shambani."

"Na mboga?"

Kibwana alikuwa anakagua fundo. Chausiku akajifunga kanga upya.

"Sawa, baba Husna. Umepanda dari, umechukua ghala. Basi na swali lake chukua."

"Swali gani?"

Alilijua kesho yake alfajiri, hata hajanawa uso. Chausiku alisimama mlangoni na sufuria tupu, akauliza kwa adabu zote: "Baba Husna, leo tunapika nini?"

"Muhogo," Kibwana akajibu.

Kesho yake akaulizwa tena. Na kesho kutwa. Kumbe swali lile lilikuwa linajibiwa nyumbani mwake kila siku kwa miaka thelathini na moja, na yeye hakuwahi hata kulisikia likiulizwa. Alijibu muhogo wa kuchemsha, muhogo wa kuchoma, ugali wa muhogo, muhogo na kisamvu, ambacho ni muhogo uleule kwa juu. Wiki ya tatu akaanza kuamka kabla ya mkewe na kwenda kujificha msikitini.

*

Wiki ya sita ikaja habari kutoka Korogwe. Mzee Yusuph, mshenga wa kijana Abdi, fundi wa pikipiki pale mjini, alimpigia simu Husna kuwa wanakuja Jumapili na barua ya posa. Watakuwa watu watano, pamoja na Bi Zamda.

"Bi Zamda ni nani?" Kibwana aliuliza.

"Shangazi yake Abdi. Ndiye aliyemlea," Husna alisema. Alikuwa anaongea huku akichomoa uzi ambao haukuwa na kosa. "Baba, huyo mama akikubali, basi. Akikataa, hata ukoo mzima uje na ngoma, hakuna ndoa. Amekwisha kukataa wasichana wawili."

"Kwa kosa gani?"

"Mmoja kwao mtungi haukuwa na kifuniko."

Husna alikuwa na miaka ishirini na sita. Alimtaka Abdi, na Abdi alimtaka yeye, na kwa miaka miwili walikuwa wanasubiri Abdi apate kibanda chake cha kazi. Kilikuwa kimepatikana. Kilichobaki kilikuwa Jumapili.

"Itabidi tufungue mfuko mmoja," Husna alisema.

"Hapana."

"Baba, ni wageni wa posa."

"Hewa haijui posa. Ikiingia hewa, dumuzi anafufuka, anakula mpaka kiroba. Tutakufa njaa wote kwa ajili ya mlo mmoja." Akamgeukia mkewe apate msaada. "Au siyo, mama Husna?"

"Mimi nangoja kuambiwa tunapika nini," Chausiku alisema.

Ndipo Kibwana akaenda kwa Simeo. Alizunguka kwanza akaulizia afya ya mbuzi, afya ya wajukuu, na hali ya mkonge duniani. Simeo alimwacha amalize.

"Sema, mzee mwenzangu."

"Nina shida ndogo ya unga. Wa kuazima."

"Unga wa nini?"

"Wa mahindi."

Simeo aliweka kikombe chini. "Kibwana, una magunia manne chumbani. Kijiji kizima kinajua. Unalala nayo."

"Yamefungwa."

"Yamefanya kosa gani?"

"Yamelala. Ukiyaamsha kabla ya wakati, yanaharibika."

"Kwa hiyo mwenye magunia manne yaliyolala anakuja kuazima kwa mwenye debe mbili zilizo macho." Simeo alicheka mpaka akakohoa, halafu alipomwona mwenzake ameinamisha kichwa, akaacha. Akamwita mkewe. "Mama, mjazie mtaalamu ndoo. Ana mkwe."

*

Wageni walifika saa nne na kapu la machungwa waliyonunulia Segera, ingawa kutoka Korogwe hadi Misima Segera si njia. Bi Zamda hakuamini machungwa ya kwingine. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na alipowapa wenyeji mkono alionekana kama anawapima uzito. Mzee Yusuph alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na bahasha nyeupe iliyochungulia mfukoni.

Salamu zilichukua nusu saa, kama inavyopasa. Kisha Kibwana, badala ya kusubiri aulizwe, akaanza kuwaeleza habari za hewa. Aliwaeleza mdudu anavyovuta pumzi na siku anayokufa. Mzee Yusuph aliitikia "naam" mara kumi na saba. Bi Zamda akasema ana kiu.

"Husna, mletee shangazi maji," Chausiku alisema.

"Usihangaike, mwanangu. Nitayafuata."

Alikuwa na mazoea hayo kila aendapo kuposa. Maji aliyanywa mwenyewe jikoni, amesimama, na akishainua kikombe anainua na macho. Aliyoyaona jikoni kwa Kibwana aliyaona vizuri. Juu ya mafiga palikuwa na dari nyeusi iliyo tupu, na ungo mmoja uliotoboka. Chini, karibu na chungu, palikuwa na ndoo ya unga iliyoandikwa kwa rangi nyekundu SALOME.

"Salome ndiye nani humu ndani?" aliuliza.

Chausiku alikuwa ameushika mwiko. Angeweza kudanganya. "Ni jirani," alisema.

"Ahaa." Bi Zamda akarudisha kikombe mahali pake, akakifunika na kisahani.

Aliporudi barazani alimnong'oneza Mzee Yusuph maneno machache. Bahasha, ambayo ilikuwa imekwisha kutoka nusu, ikarudi mfukoni taratibu kama kobe anavyorudisha kichwa.

"Wenyeji wetu," Mzee Yusuph alisema, "tumefurahi sana kuwaona. Leo tulikuja tu kujuana. Mengine, Mungu akipenda, siku nyingine."

Watu wote pale walijua maana ya siku nyingine. Husna, aliyekuwa nyuma ya mlango kama desturi inavyotaka, aliketi chini kwenye sakafu. Kibwana alisikia kishindo kidogo cha kukaa kwake, na kwa mara ya kwanza tangu semina alinyamaza bila kuombwa.

Chausiku ndiye aliyetoka. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Bi Zamda, umetazama dari yangu. Ni haki yako, hata mimi ningetazama. Chakula chetu kipo, ila kimehamishwa. Njoo nikuoneshe."

"Kiko wapi?"

Chausiku akasita. "Chumbani kwa mume wangu."

Mzee Yusuph alitazama miguu yake. Kuwaingiza wageni wa posa kwenye chumba cha kulala cha wakwe ni jambo ambalo pale Misima halijawahi kuonekana, na halijaonekana tena baadaye. Lakini Bi Zamda alikuwa amekwisha kusimama. Wakaingia wote: yeye, Chausiku, na Kibwana nyuma, akisukuma kwa mguu suruali aliyokuwa ameiacha sakafuni. Magunia manne yalisimama kando ya kitanda. Bi Zamda akalipiga la kwanza kofi.

"Naona viroba. Mwaka jana kuna mtu Mombo alinionesha viroba kama hivi. Vilikuwa pumba."

"Haya ni mahindi," Kibwana alisema. "Naapa."

"Sijakwambia uape, baba. Fungua."

Kibwana alitazama fundo. Aliona hewa ikiingia, aliona dumuzi wakifufuka mmoja mmoja na kunyoosha miguu. Aliona pia majogoo wake wawili. Halafu akakumbuka kile kishindo kidogo cha nyuma ya mlango, pale alipokaa Husna, na kishindo kile kilikuwa kizito kuliko magunia yote manne. Akapiga magoti mbele ya mfuko uliokuwa karibu na mlango, akafungua mpira, akafungua kiroba, akafungua nailoni ya kwanza, akafungua ya pili. Akageuza uso pembeni.

Hayakuwa mahindi yaliyojitokeza juu. Ulikuwa ni ule mfuko wa nne.

Bi Zamda alichukua kifurushi kimoja, akakifungua utepe. Bamia. Akanusa. Akachukua cha pili, ufuta, akaumwaga kiganjani na kuupuliza. Majani ya kunde yalikuwa bado ya kijani. Polepole, bila kuomba ruhusa, akaketi kwenye kitanda cha Kibwana, akavipanga vifurushi kwenye shuka, kimoja kimoja, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipofika mwisho alizamisha mkono kwenye mahindi mpaka kiwiko, akatoa punje, akaiuma. Lakini alifanya hivyo kama mtu anayekamilisha fomu tu.

"Nyanya hizi umezipa siku ngapi?" alimuuliza Chausiku.

"Nne. Na chumvi kidogo, zisishikwe na nzi."

"Mimi natia majivu."

"Majivu yanabakiza uchungu."

"Kweli yanabakiza," Bi Zamda alisema, na kwa sauti yake ilionekana kwamba jambo hilo lilikuwa likimsumbua kwa miaka mingi bila mtu wa kuzungumza naye. "Hivi vyote ni vya lini?"

"Mwezi wa pili."

Bi Zamda akatikisa kichwa juu na chini. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipotoka barazani aliketi, akaomba chungwa, akamwambia Mzee Yusuph: "Toa bahasha, baba, tunachelewa." Kisha akamgeukia Kibwana. "Hongera, mzee. Una ghala."

"Asante," Kibwana alisema, akanyoosha mgongo. "Ni utaalamu tu."

Chausiku akarudi jikoni kupika ugali wa Salome.

*

Jibu la posa huandikwa, na Kibwana alikuwa na mwandiko mzuri. Alikaa jioni mbili mezani na karatasi za mistari. Jioni ya tatu, Chausiku, ambaye macho yake hayakuona tena maandishi madogo, alimwomba Husna amsomee.

Husna akasoma. Akageuza ukurasa, akasoma.

"Hapo wanazungumziwa nani?" Chausiku aliuliza.

"Dumuzi."

"Na wewe umo wapi?"

"Nimo ukurasa wa tatu, mama. Chini."

Kibwana alisema barua nzuri haina budi kuwa na utangulizi. Hakuna aliyembishia. Chausiku alikuwa anapunguza moto, na juu yake dari ilikuwa na vifurushi vyake tena, vimerudi mahali pake tangu Jumatatu. Mifuko mitatu iliendelea kulala chumbani bila kusumbuliwa na mtu. Chausiku hakuwa amemlaumu mumewe hata kwa neno moja. Wala asubuhi hizo hakumuuliza tena swali lile, na Kibwana, alipogundua kwamba hakuulizwa, alijikuta amekaa kitandani anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Akaichana barua, akaandika nyingine. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba familia imepokea posa, imeiridhia, binti mwenyewe ameulizwa na ameridhia, na wazee waje wapange siku. Chini akaandika mistari michache zaidi, akasita, akampa Husna kabla hajabadili mawazo.

Husna alisoma kwa sauti. "Tena mwambieni Bi Zamda kwamba siku ile alinipongeza kwa ghala na mimi nikapokea. Nilikosea kupokea. Pongezi zile ni za mama yake Husna, aliyeweka akiba ile kwa miaka yote bila mimi kujua. Nimezifikisha kwake leo."

Chausiku aliendelea kukoroga. "Soma tena hapo," alisema.

Husna akasoma tena.

"Haya. Muwahishe hiyo barua, gari la Korogwe linapita saa moja."

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa. Husna akachota ugali wa muhogo kidogo ulioganda kwenye mwiko, akapaka kwenye ukingo, Kibwana akaubana kwa kiganja na kuushikilia mpaka uliposhika. Asubuhi alivaa kanzu, akaenda barabarani na mapema, akasimamisha basi.

"Shikamoo mzee," konda alisema akining'inia mlangoni. "Unapanda?"

"Marahaba. Sipandi. Nina barua ya Mzee Yusuph, ataipokea stendi."

Konda aliipokea, akaipima mkononi, akaigeuza upande wa pili. "Bahasha zinatuletea kesi, mzee wangu. Ndani kuna nini, hela?"

"Hapana," Kibwana alisema. "Kuna binti yangu."

Konda alimtazama. Kisha akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akaiingiza barua, akafunga kifungo, na kupiga bodi mara mbili gari liondoke.